UZI: Kuunganisha stoo za kiwanda kuwa ghala moja na kuliendesha kwa mitambo: hesabu, paleti, sakafu, umeme, moto

Bohari_Kuu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wahandisi wa viwanda, watunza stoo na wapanga bajeti. Swali la "tununue raki za kreni (mashine inayotembea kwenye reli kati ya raki na kupandisha paleti) au tubaki na foklifti" mara nyingi hujibiwa kwa katalogi ya muuzaji. Linatakiwa kujibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Nachukua mfano wa kubuni ili namba zishikike. Kiwanda cha sabuni na mafuta ya kula kina laini tatu za kufungasha zinazofanya kazi saa 24, na kila laini inatoa paleti 6 kwa saa. Kina stoo ya malighafi, stoo mbili za vifungashio, stoo ya bidhaa zilizokamilika, kontena tatu uani zenye "mizigo ya muda", na stoo ya spea. Juu ya hizo, kila karakana ina kabati lake la spea ambalo halimo kwenye leja yoyote.

Msimamo wangu ni huu: unganisha kwanza taarifa, kisha mizigo, mitambo ije mwisho. Ukipindua mpangilio huo, kreni italeta haraka kabisa kitu kisicho sahihi.

Anza na jedwali moja la bidhaa zote, na kila bidhaa iwe na msimbo mmoja, jina moja, kipimo kimoja cha kutolea, urefu, upana, kimo na uzito. Vipimo vichukuliwe kwa utepe wa kupimia na mizani, kwa sababu vya kwenye hati ya muuzaji mara nyingi ni vya kipande kimoja, si vya boksi. Mashine ya kuhifadhi inaamua nafasi kwa kimo na uzito. Jedwali likisema sentimita 140 na mzigo una 152, paleti hiyo itakataliwa mlangoni kila siku.

Baada ya hapo, kagua mizunguko ya miezi 12. Kwa kila msimbo angalia umetoka mara ngapi, maana wingi peke yake hautoshi. Boliti 5,000 zilizotoka kwa oda moja ni kazi ndogo kwa ghala. Gasketi 40 zilizotoka kwa oda 40 ni kazi kubwa.

MamaLeja

Mkuu umesema kweli, na mimi naweka mkazo kwenye misimbo maradufu. Mfano unaopatikana karibu kila kiwanda ni beringi 6205: tundu milimita 25, kipenyo cha nje 52, upana 15. Yenye sili za mpira pande zote mbili, SKF huandika 2RS1 au 2RSH, NSK huandika DDU, NTN huandika LLU, FAG huandika 2RSR. Ukifungua leja za stoo nne utakuta misimbo minne, kila mmoja na akiba yake ya tahadhari, ilhali kwa kazi nyingi za kawaida hizo ni beringi zinazobadilishana. Kwa hiyo kiwanda kina beringi 40 mahali ambapo 12 zingetosha, na bado fundi wa zamu ya usiku anaambiwa "haipo".

Lakini msiunganishe kwa pupa. 6205 yenye alama C3 ina uwazi mkubwa zaidi ndani kuliko ya kawaida, na hutumika sana kwenye mota zinazopata joto. Hiyo lazima ibaki na msimbo wake. Vilevile 6205 ZZ ina ngao za bati, sio sili za mpira. Kwenye sehemu yenye maji au unga wa sabuni haichukui nafasi ya 2RS. Kwenye usafishaji wa jedwali, fundi mitambo na mtunza stoo wakae meza moja. Mmoja peke yake atakosea.

Kipimo cha kutolea nacho ni chanzo cha makosa mengi. Kebo inanunuliwa kwa roli na kutolewa kwa mita. Gundi inanunuliwa kwa pipa na kutolewa kwa kilo. Kama ubadilishaji haujaandikwa kwenye mfumo, mtu ataandika "1" akimaanisha roli na mfumo utaelewa mita moja. Kwa roli za mita 100 au 305, tafuteni kwenye hesabu ya stoo tofauti zinazogawanyika kwa 99 au 304 kamili. Karibu zote zitakuwa za namna hii.

Kiganja_Tanga

Samahani wakuu, kreni ngapi zinatosha kwa kiwanda cha mfano huo? Na kwa nini isiwe richi traki tu (foklifti ya njia nyembamba inayofika raki za juu)?

Bohari_Kuu

@Kiganja_Tanga twende taratibu.

Laini tatu mara paleti 6 ni paleti 18 kwa saa zinazoingia, mchana na usiku. Kwa siku ni 432. Magari yanapakiwa saa 9 tu kwa siku, kwa hiyo zinazotoka ni 48 kwa saa. Wakati wa kupakia ghala linabeba miendo 66 kwa saa. Usiku ni 18 tu. Watu wengi hugawanya 864 (432 za kuingia na 432 za kutoka) kwa saa 24, wanapata 36, wananunua mashine ya 36, na kila siku saa nne asubuhi malori yanajipanga hadi barabarani.

Kreni moja ya raki, tuseme, inafanya mizunguko 35 ya upande mmoja kwa saa (kuingiza tu au kutoa tu), au mizunguko 22 ya pande mbili, yaani inaingiza paleti na kurudi na nyingine. Namba halisi itatolewa na mtengenezaji kwa urefu na kimo cha raki yako, na idai iwe imekokotolewa kwa kanuni ya FEM 9.851 (ya Ulaya, ya kukokotoa muda wa mizunguko ya kreni) ili ulinganishe wauzaji kwa kipimo kimoja. Sasa, kati ya miendo 66, 18 za kuingia zinaoana na 18 za kutoka. Mizunguko 18 ya pande mbili ni 18/22, yaani saa 0.82 za kreni. Zinabaki 30 za kutoka peke yake: 30/35, yaani 0.86. Jumla ni 1.68. Kreni mbili zingefanya kazi asilimia 84 ya muda, bila nafasi ya hitilafu hata ndogo. Hapo muuzaji atakupendekezea ya tatu.

Badilisha muda wa kupakia uwe saa 12. Zinazotoka zinashuka hadi 36 kwa saa. Mizunguko 18 ya pande mbili ni 0.82, na 18 za upande mmoja ni 0.51. Jumla 1.33, kreni mbili zinatembea kwa asilimia 67. Saa tatu za ziada za wapakiaji zimeondoa kreni nzima, njia yake na raki zake. Hesabu hii ifanyike kabla ya kuita muuzaji yeyote.

Nafasi: akiba ya siku 6 ni paleti 2,592. Ghala lisijae zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo nafasi 2,880. Njia mbili zina pande nne, kila upande nafasi 720: ngazi 10 kwa safu 72. Kwa paleti ya milimita 1000 × 1200 iliyoingizwa kwa kina cha 1200, kila safu inakula karibu mita 1.2, kwa hiyo raki ina urefu wa mita 86 hivi na kimo cha kama mita 18 ikiwa kila ngazi ni mita 1.75.

Richi traki sasa. Inahitaji njia ya karibu mita 3. Kreni mita 1.5 hivi. Nafasi zilezile 2,880 kwa ngazi 5 zinahitaji eneo la raki la karibu mita za mraba 1,900. Kwa kreni ni kama 700, ongeza 250 za konveya mbele. Richi traki moja ikifanya miendo 22 kwa saa, unahitaji tatu zinazofanya kazi na ya nne kwa ajili ya chaji na matengenezo. Ukiwa na kiwanja cha kutosha, richi traki nne zenye skana na mfumo mzuri wa ghala ni jibu la heshima kabisa, na zikiharibika unakodi nyingine kesho. Kreni inashinda pale ardhi ilipobana, kazi ni ya saa 24, na mzigo ni wa aina moja siku zote. Stoo ya malighafi ya magunia siiwekei kreni.

Jambo moja la kreni lisisahaulike: kila bidhaa igawanywe kwenye njia zote mbili. Kreni moja ikisimama, nusu ya ghala haifikiki. Kama sabuni ya gramu 800 yote iko njia ya pili, wateja wote wa sabuni hiyo wanasubiri.

PaletiNgumu

Wakuu, mitambo mingi ya paleti inakwama kwa sababu ya paleti yenyewe, na hapa kwetu Afrika Mashariki tatizo ni kubwa zaidi kwa kuwa paleti inapigiliwa kwa mbao yoyote iliyopo. Foklifti yenye dereva inasamehe, konveya haisamehi.

Paleti ya kuingia kwenye mashine iwe na vipimo vilivyoandikwa na mnunuzi: 1000 × 1200 au 800 × 1200, mbao tatu za chini nzima bila kiungo, misumari ya mzunguko (yenye mikunjo, haitoki kirahisi), vichwa vimezama ndani ya mbao. Ubao wa chini ukivunjika, ncha inaingia kati ya rola na paleti inageuka pembe. Msumari uliotoka milimita 10 unatosha kukwama kwenye mnyororo.

Kabla ya kreni kuna kituo cha ukaguzi: fremu ya macho ya mwanga (sensa) inapima upana, kina na kimo, na mizani inapima uzito. Paleti iliyopitiliza inatolewa pembeni. Njia hiyo ya pembeni lazima iwepo na iwe na nafasi ya paleti tatu angalau, foklifti ifike, na pawe na mtu wa kurekebisha. Nimeona michoro yenye nafasi moja tu. Paleti ya pili iliyokataliwa inasimamisha laini nzima.

Sababu kubwa ya kukataliwa? Mkia wa plastiki. Mashine ya kuzungushia nailoni inakata, kipande cha sentimita 20 kinaning'inia, upepo wa feni unakipeperusha mbele ya jicho, mfumo unasema paleti imezidi upana. Dawa ni kifaa cha kubana au kuunguza mkia kwenye mashine ya kuzungushia, na plastiki ianze chini kwa kushika paleti yenyewe mizunguko miwili, la sivyo mzigo unateleza juu ya mbao kreni inapofunga breki.

Katoni nazo zinanyonya unyevu. Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, katoni iliyokaa wiki tatu hewani ni laini kuliko ilivyotoka kiwandani. Safu ya chini inatumbukia, mzigo unaegemea, kimo kinabadilika. Panga katoni pembe juu ya pembe, maana nguvu ya katoni iko kwenye pembe zake. Mpango wa kupishana kama matofali unapendeza macho lakini unaweka pembe ya juu katikati ya ubavu wa chini.

Lebo: tumieni chapa ya utepe wa wino, kwa sababu karatasi inayoungua kwa joto hufifia ikipigwa jua au kuguswa na mafuta. Namba ya paleti ya GS1 (shirika la viwango vya misimbo pau) ina tarakimu 18 na haitumiki kwa paleti nyingine mzigo ukiwa bado hai. Ibandikwe kati ya milimita 400 na 800 kutoka chini, angalau milimita 50 kutoka ukingoni, pande mbili zinazokutana.

Zege_C30

Sakafu, wakuu. Tuchukue raki za kawaida za richi traki, ngazi 5, ya chini imekaa sakafuni na nne ziko juu ya mihimili. Kila uwazi kati ya fremu mbili una paleti mbili za tani moja kwa kila ngazi. Uwazi mmoja unabeba tani 8 kwenye mihimili. Fremu ya katikati inapokea nusu ya uwazi wa kushoto na nusu ya kulia, yaani tani 8, miguu miwili, tani 4 kwa mguu. Raki mbili zikipeana mgongo, miguu miwili iko karibu karibu: tani 8 kwenye kipande kidogo cha zege. Sakafu ya godauni la zamani iliyomwagwa kwa ajili ya magunia sakafuni haikukusudiwa hilo.

Kata sampuli za zege kwa mashine ya kutoboa, angalau sehemu tano, pima unene na nguvu, kisha chimba uone kilicho chini. Nairobi na Athi River kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Raki ya mita 18 ikiegemea kidogo chini, juu imeshatoka nje ya ruhusa ya kreni. Pwani jihadharini na maji yaliyo karibu na uso wa ardhi pamoja na mchanga usioshindiliwa. Kwa ghala la kreni, msingi unabuniwa upya na mhandisi wa ujenzi aliyepewa mizigo ya kila mguu kwa maandishi kutoka kwa mtengenezaji wa raki. Msianze zege kabla ya karatasi hiyo.

Muhimili wa raki unaruhusiwa kupinda sehemu moja ya 200 ya urefu wake ukiwa na mzigo. Muhimili wa milimita 2300 ni kama milimita 11.5. Zaidi ya hapo umezidishiwa mzigo, hata kama haujavunjika. Kwa nguzo zilizogongwa, weka rula ya chuma ya mita moja ubavuni: pengo la milimita 5 kuelekea upande wa mihimili, au 3 kuelekea upande wa mikingamo ya fremu, ndio mpaka wa kanuni ya EN 15635. Pengo likizidi mara mbili ya hapo, uwazi huo unaondolewa mzigo papo hapo, hausubiri kikao. Na nguzo haipigwi nyundo kunyooshwa wala kuchomelewa kiraka. Inabadilishwa.

FundiInvata

Kwa upande wa umeme, weka UPS (betri ya akiba) kwa vitu vinavyofikiri: PLC (kompyuta inayoongoza mitambo), seva, swichi za mtandao, skana, kompyuta za mapokezi. Mota za kreni usiziwekee UPS. Umeme ukikatika kreni isimame kwa breki yake, na akili ibaki hai ikikumbuka ina paleti gani mkononi na inaipeleka wapi. Kama akili nayo inazima, mkirudi mnakuta kreni ina paleti isiyo na jina, na mtu atalazimika kupanda kuisoma lebo mita 12 juu.

Kipimo cha mahali kreni ilipo kiwe cha moja kwa moja, kwa leza au utepe wa misimbo uliobandikwa kando ya reli. Kipimo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu peke yake kinapoteza hesabu gurudumu likiteleza, na kila umeme ukirudi kreni inahitaji kwenda kutafuta nukta ya kuanzia.

Jenereta sasa. Invata (vifaa vinavyodhibiti kasi ya mota) za kisasa za kreni hurudisha umeme kwenye gridi kreni inaposhusha mzigo au kupunguza mwendo. Gridi inaupokea. Jenereta ya dizeli yenye mzigo mdogo haina pa kuupeleka: volteji inapanda, invata inajizima, au jenereta yenyewe inaruka. Kama kiwanda kinategemea jenereta saa kadhaa kwa wiki, dai resista za breki (zinageuza umeme huo kuwa joto) zinazoingia kazini zenyewe wakati wa jenereta. Iandikwe kwenye mkataba na ijaribiwe kwa jenereta yenu hasa.

Weka pia vizuia radi kwenye bodi kuu na kwenye laini za data zinazotoka nje ya jengo. Kati ya majengo mawili tumia nyaya za nuru badala ya shaba, na zipite kwenye bomba la chuma kwa sababu ya panya. Macho ya mwanga yafutwe kila wiki kwenye kiwanda cha sabuni: unga wa sabuni ukichanganyika na unyevu wa Pwani unaganda kwenye lenzi kama ukoko. Weka jambo hilo kwenye ratiba ya matengenezo na jina la mtu.

MamaLeja

@FundiInvata asante kwa hilo la kumbukumbu. Kwa stoo ya spea je? Kreni ni kubwa mno kwa gasketi.

Bohari_Kuu

@MamaLeja kwa spea na vitu vidogo dawa ni kabati lifti: kabati refu la chuma lenye trei mbele na nyuma, katikati lifti inayochomoa trei na kukuletea kiunoni. Trei ya mita 2.5 kwa 0.8 ni mita za mraba 2. Kabati la mita 8 lenye trei 45 hivi linakupa mita za mraba 90 za shelfu juu ya sakafu ya mita 8 au 9 za mraba. Kabati hupima kimo cha mzigo kila trei inaporudi na kutafuta nafasi inayotosha, kwa hatua ya milimita 25 kwa kawaida. Kwa hiyo panga vya kimo kimoja kwenye trei moja. Oili sili za sentimita 3 zikikaa na kopo moja la sentimita 28, trei nzima inakula nafasi ya kopo.

Uzito usirundikwe upande mmoja wa trei. Mota na giaboksi zibaki kwenye raki za chini zinazofikika kwa jeki ya paleti. Mikanda ya mpira isikunjwe kwa nguvu wala kuning'inizwa kwenye msumari, na inayoingia kwanza itoke kwanza. Beringi zilazwe zikiwa kwenye karatasi zao. Anayezifungua "kuhakiki" amezianzishia kutu, hasa Pwani.

Kabati likileta trei kwa sekunde 40, fundi mmoja anayehitaji vitu vitano vilivyo kwenye trei tano anasubiri zaidi ya dakika tatu. Weka pamoja vinavyotoka pamoja: seti ya matengenezo ya pampu, yaani sili, beringi mbili, gasketi na oringi, ikae trei moja. Na muuzaji aonyeshe jinsi ya kuendesha kabati kwa mkono umeme ukikosekana, watunza stoo wote wajaribu.

Zamu ya usiku lazima iwe na mtu stoo au njia ya kufungua kwa kadi inayoandika jina. Bila hivyo, makabati ya siri ya karakana yatarudi ndani ya mwezi mmoja, na mafundi watakuwa na haki.

Mlinda_Moto

Wakuu, kuunganisha stoo kunaunganisha pia hatari. Stoo zikiwa nyingi, ikiungua moja nyingine zinabaki.

Kemikali haziingii ghala kuu eti kwa sababu tunaunganisha. Magadi makali (kostiki soda) ya kutengenezea sabuni yanakula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, yanavuta unyevu, na hayakai karibu na asidi. Manukato ya sabuni mengi yanashika moto kirahisi, na harufu yake inaingia kwenye mafuta ya kula na katoni. Jenga chumba cha pembeni chenye ukuta wa kuzuia moto, sakafu yenye kizingiti cha kushika kinachomwagika, na hewa ya kutosha. Kwa Tanzania, kemikali hizi zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali; usajili na mafunzo yake vishughulikiwe mapema. Michoro ipelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) ikiwa bado ni michoro.

Mafuta ya kula kwenye madumu ya plastiki yana tabia yake. Dumu likiyeyuka, mafuta yanatiririka chini ya raki na moto unayafuata. Vinyunyizio vya dari peke yake, kwa raki ya mita 18, maji hayafiki katikati kwa wakati. Vinatakiwa vinyunyizio ndani ya raki kwa ngazi, na mabomba yake yachorwe pamoja na raki. Yakiongezwa baadaye yanakula nafasi ya paleti. Acheni uwazi wa milimita 150 kati ya raki zinazopeana mgongo na usizibwe. Paleti iliyosukumwa ndani kupita kiasi inauziba, kwa hiyo raki za richi traki ziwekewe kizuizi nyuma. Pampu ya dizeli iwashwe kila wiki nusu saa, tangi lipimwe, iandikwe.

Kreni iwe na amri ya moto: kengele ikilia, imalize mwendo, iteremke na kusimama, milango ya konveya inayopenya ukuta wa moto ifunge. Paleti iliyosimama katikati ya mlango huo inauzuia kufunga. Sensa ya kuhakikisha mlango uko wazi bila mzigo mara nyingi haimo kwenye ofa ya kwanza. Idai.

Kiganja_Tanga

Nimeelewa mengi. Bado maswali mawili. Stoo za vifungashio karibu na laini zikifungwa, laini haitakosa katoni? Na kuhama kunafanywaje bila kusimamisha kiwanda?

Bohari_Kuu

@Kiganja_Tanga laini ibaki na akiba ya saa chache, sio stoo. Laini ya paleti 6 kwa saa, katoni 48 kwa paleti, inakula katoni 288 kwa saa. Paleti ya katoni bapa 600 inakaa saa mbili na dakika tano. Weka nafasi mbili zilizopakwa rangi sakafuni: moja inatumika, moja inasubiri. Inayotumika ikiisha, mwendeshaji anaskani lebo ya nafasi, ghala linapata oda, na lina saa mbili kuleta. Nafasi ya tatu usiichore, itajaa kitu kingine.

Kuhama: usihamishe yote kwa wikiendi moja. Anza na spea zinazotoka mara chache, kwa sababu makosa yake hayasimamishi laini na watu wanajifunza. Halafu vifungashio, familia moja moja: funga msimbo kwenye stoo ya zamani, hesabu ukiwa unapakia, bandika lebo mpya, ingiza nafasi mpya, fungua. Msimbo mmoja usiwe wazi stoo mbili kwa wakati mmoja hata kwa saa moja. Bidhaa zilizokamilika hazihamishwi kabisa: uzalishaji mpya uingie ghala jipya, wa zamani uuzwe kutoka ulipo mpaka uishe. Stoo iliyoisha ibadilishiwe kufuli siku hiyohiyo.

FundiInvata

Naongeza jaribio la kukabidhiana, kwa sababu malipo ya mwisho yanashikwa hapo. Wauzaji hujaribu kwa paleti 20 mpya za plastiki zilizopangwa vizuri. Nyie leteni paleti zenu za mbao, zenye katoni zenu, zimezungushiwa na mashine yenu. Endesheni kwa kiwango cha kilele, miendo 54 kwa saa kwa ule mfano wa saa 12, kwa saa nane mfululizo, na kila msimamo uandikwe na sababu yake. Katikati ya jaribio kata umeme wa kiwanda bila kumwambia muuzaji, subiri jenereta iingie, mpime dakika hadi kreni zirudi kazini zenyewe zikijua zimebeba nini. Kisha chomoa waya wa mtandao wa seva na mrudie.

Na kabla ya sahihi, spea ziwe zimeshafika stoo: macho ya mwanga mawili ya kila aina, invata moja ya kila ukubwa, magurudumu ya kreni seti moja, PLC yenye programu iliyokwishapakiwa, nakala ya programu yote ikiwa na nywila mikononi mwenu. Invata kutoka Ulaya ikisubiri meli ni wiki kadhaa, na kwa muda huo wote paleti 1,296 ziko nyuma ya kreni iliyolala.

MamaLeja

Hizo spea za kreni ziingizwe kwenye kabati lifti zikiwa na misimbo yake, isipokuwa zile za kabati lifti lenyewe. Hizo ziwekwe shelfu ya kawaida, chini, karibu na mlango.